Daftari la Baba na Leso ya Dana

Baba yangu alikuwa na daftari la jalada gumu jeusi ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulifungua kabla ya kunawa mikono. Ungedhani ni Biblia. Kumbe ndani mlikuwa na maneno ya Kiingereza tu, yamepangwa mawili mawili: yale yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti, na yale yanayoandikwa sawa na kumaanisha vitu viwili visivyojuana. "See" ni kuona, na "sea" ni bahari. "Flour" ni unga, na "flower" ni ua. "Bank" ni pale wenye mishahara wanapopanga foleni, na "bank" ni ukingo wa mto. Baba aliyaita majina, vile watu wa kwetu wanavyosema mtu akikutana na mwenzake wa jina moja: huyu ni majina wangu. "Hawa ni majina," angeniambia akigonga mstari kwa kalamu, "lakini hata salamu hawapeani." Kila jozi ilikuwa na sentensi zake, na sentensi zote alizitunga mwenyewe, kwa hiyo katika daftari lile Waingereza walikuwa wanavua omena, dagaa wa ziwa letu, na malkia alikuwa anachota maji Usenge, kijijini kwetu.

Nimekuwa mwalimu miaka mingi sasa. Nimefundisha maneno hayo hayo kwa watoto wengi, na kila nikifika kwenye somo hilo natamani kuliruka. Nitasema kwa nini, ingawa si jambo la kujivunia.

Baba alikuwa mwalimu wa msingi wa daraja la P3. Siku hizi hawapo, lakini wakati ule, miaka ya themanini, P3 alikuwa mwalimu wa chini kabisa kati ya wale waliosomea kazi. Alifundisha darasa la tatu mjini Kisumu, na mwalimu mkuu wake alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika penseli. Kijana alikuwa na adabu, sisemi hakuwa nayo, lakini mbele ya wazazi alimwita baba "Mwalimu" kwa sauti ile ambayo mtu humwitia mlinzi wa lango. Njia ya kutoka pale ilikuwa moja tu: kupita karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje. Akipita, anapanda daraja. Alikuwa ameikalia mara tatu, na mara zote tatu alianguka. Sasa serikali ilikuwa inabadilisha mfumo wa elimu, mtihani wa zamani unafutwa, na tangazo lilikuwa limebandikwa ofisini kwamba mwaka ule ndio wa mwisho kwa watu wa aina yake. Baada ya hapo, basi. Atabaki P3 mpaka astaafu.

Mwaka huo huo mimi nilikuwa kidato cha nne. Baba na binti, mtihani mmoja, ukumbi mmoja. Watu wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, pale mtaani Kondele, walicheka mpaka wakachoka.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa Usenge na dana, yaani bibi yangu mzaa baba, mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Ndipo baba akanichukua nikae naye mjini, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Dana alibaki na baba yangu mdogo, ndugu pekee wa baba, ambaye alikuwa mvuvi na mtu wa maneno makali.

Kila siku saa kumi na moja jioni baba alitoa stuli mbili nje ya mlango. Mimi nilisoma sentensi, yeye aliandika, kisha nilisahihisha kwa kalamu nyekundu. Aliamini kabisa kwamba majina hayo ndiyo yaliyokuwa yanamwangusha. Mimi niliona ni woga, maana hapo nyumbani aliyapata yote. Lakini mtu mzima akikuambia adui yake ni huyu, wewe ni nani wa kumbishia? Na haki ya Mungu, niliipenda ile kalamu nyekundu kuliko ilivyofaa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kichwa kikubwa.

Siku moja nilifika kwenye mstari ambao alikuwa ameweka "sip" na "ship" pamoja. Kunywa kidogo kidogo, na meli. Nikamwambia, baba, hawa si majina. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja wa kutoka ng'ambo, alikuwa amenisimamisha mbele ya darasa wiki nzima mpaka ulimi wangu ukajifunza ile sauti ya pili, kwa sababu sisi watu wa ziwa hatunayo. Dholuo, lugha yetu, haina, na kwetu samaki wa Kiingereza huishia "fis". Baba alinisikiliza. Akajaribu. Akajaribu tena. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika. "Sip," akasema baba. "Na sip." Nikacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Baba alilitazama daftari, kisha akasema kwa upole, "Huko shuleni kwenu hawajuani. Hapa kwangu ni majina. Endelea." Nikaendelea, na mstari ule hakuufuta.

Sasa niseme habari ya leso.

Kila baada ya wiki mbili, mama mmoja mchuuzi aliyekuwa akileta magunia ya omena kutoka ufuoni Usenge hadi soko la Kondele alipita kwetu na leso ya dana. Ilikuwa leso ya rangi ya machungwa iliyopauka, pembe moja imeungua kwa makaa. Ndani mlikuwa na omena iliyokaushwa vizuri, wakati mwingine njugu, wakati mwingine mihogo. Sisi tuliirudisha na sukari, majani chai na kipande cha sabuni. Leso haikurudi tupu hata siku moja, wala haikuja tupu, isipokuwa dana akiwa na neno. Leso tupu, imekunjwa na kufungwa fundo pembeni, ilikuwa wito: njoo wewe mwenyewe. Dana hakujua kuandika, na midomo ya watu hakuiamini. Aliamini leso.

Mara mbili niliona wito huo ukija. Mara ya kwanza baba alifunga safari ya siku nzima kwa barabara ile mbovu akidhani kuna msiba, kumbe dana alitaka aje aseme na jirani aliyesogeza ua. Mara ya pili mama mchuuzi alituambia dana yuko taabani, na baba alipofika alimkuta kwenye shamba la mtama akifukuza ndege, ana nguvu kuliko yeye. Alirudi amechoka, anacheka. Nikamuuliza kwa nini asimwambie mama yake aache mchezo huo. Akanikata jicho. "Mama akituma leso tupu," akasema, "mtu haulizi. Anaenda."

Karatasi ya Kiingereza iliwekwa Jumanne. Jumatatu mchana nilikuwa nimeshamaliza mtihani wa siku hiyo na nimekaa chumbani na vitabu, mama mchuuzi akapiga hodi. Hakutaka hata maji. Alinitia leso mkononi, nyepesi, imefungwa fundo.

"Bibi yako tangu Ijumaa hali kitu," akasema. "Amesema leso irudi na mwanawe. Leo, si kesho."

"Mama, ni mgonjwa kweli, ama ni ile ya siku zote?"

"Ai, mtoto! Mimi si daktari. Nimetumwa leso, nimeleta leso. Mwambie baba yako akifika aende Kisian, pale njia panda, moja kwa moja. Kuna lori la samaki linarudi Usenge saa kumi na mbili, nimeshasema na dereva." Akaenda zake.

Nilisimama na ile leso. Nilijua vizuri kabisa kitakachotokea nikimwonyesha baba: angevaa koti, angeenda Kisian, na asubuhi jina lake lingeitwa ukumbini na hakuna wa kuitikia. Mtihani wa mwisho. Nikamwona miaka kumi ijayo bado anaitwa kwa sauti ya mlinzi wa lango. Nikamwona dana pia, mtamani, akifukuza ndege. Nikajiambia, siku moja tu. Kesho saa kumi karatasi zimeisha, anaenda, anamkuta anasukumia watu maneno kama kawaida. Nani atakuwa ameumia? Nilimpenda dana, mtu asije akafikiria vingine. Yeye ndiye aliyenilea. Lakini siku hiyo nilimpenda kwa hesabu mbaya.

Karai letu la kunawia miguu lilikuwa kwenye kona, limefunikwa kifudifudi. Nikaiweka leso chini yake.

Baba alifika saa kumi na moja kasorobo akiwa na kalamu mpya mbili mfukoni. Mtungi ulikuwa mtupu, nikaenda kuchota maji kwenye bomba la ploti, na foleni ilikuwa ndefu kama kawaida ya Jumatatu. Niliporudi nilimkuta ameshatoa stuli nje, ameketi, daftari liko magotini mwake limefungwa. Akanipa. Nikanawa mikono, nikaanza kusoma.

Nilisoma vibaya. Nilikuwa naruka mistari, narudi nyuma. Nilipofika ukurasa wa kumi na moja, juu kabisa kulikuwa na "morning" na "mourning", asubuhi na maombolezo, na sentensi yake ilikuwa ya mama mmoja anayelia ufuoni. Macho yangu yaliona, moyo ukakataa. Nikaugeuza ukurasa huo nikasoma wa kumi na mbili. Baba aliandika. Aliyapata yote. Hata moja hakukosa, na mimi sikuwa na pa kutia wino mwekundu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Kila jioni baba alinawa miguu kwenye lile karai. Siku hiyo alichukua sabuni akaenda kunawa bombani. Nikamshukuru Mungu, kweli nilimshukuru Mungu, nikadhani ni wasiwasi wa mtihani.

Asubuhi alitangulia kutoka, shati limepigwa pasi. Mimi nilitoa leso chini ya karai nikaitia kwenye mkoba wangu. Ukumbini niliketi safu tatu nyuma yake. Katikati ya watoto wa umri wangu ile shingo yake ilionekana ngumu, imekunjamana, na kila mara nilipoinua kichwa nilimwona ameinama anaandika. Alasiri tuliandika karatasi ya pili. Ilipokwisha nilitarajia atoke anajigamba, maana hata mara zile alizoanguka alitoka akijigamba. Alitoka kimya. "Imeisha," akasema.

Nikampeleka kando, karibu na bomba la shule. Nikamwambia mama mchuuzi alipita asubuhi, wewe ukiwa umetoka, dana anakuita. Nikampa leso. Nilikuwa nimejitayarishia majibu ya maswali yote: alikuja saa ngapi, alisema nini, kwa nini hukunikimbilia. Baba hakuuliza hata moja. Aliitia leso mfukoni akaondoka na shati lake la mtihani, hakupitia hata nyumbani.

Dana alikuwa amefariki saa saba mchana siku ile ile.

Mimi nilikuwa na karatasi nyingine mpaka Ijumaa. Sijui niliandika nini. Nilifika Usenge Ijumaa jioni na tukamzika Jumamosi. Nililia kwa uchungu na nililia kwa woga, vyote viwili kwa pamoja, na wanawake walinishika wakisema mtoto huyu alimpenda bibi yake. Maneno yao yalikuwa yananichoma.

Jumapili wazee wa ukoo waliketi uani kusikiliza mambo yaliyobaki. Baba mdogo akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mama yao aliomba atandikiwe mkeka nje ya mlango Jumatatu jioni, ili aone njia. Alisema kila chombo kilichonguruma barabarani alikuwa anauliza, ni yeye? Jumanne asubuhi alikuwa bado anauliza. Akamgeukia baba. "Ulitumiwa leso Jumatatu. Ulikuwa wapi?"

Mama mchuuzi alikuwa ameketi na wanawake. "Mimi nilifikisha," akasema. "Nilimpa msichana mkononi. Mchana, jua likiwa hapa." Akaonyesha juu.

Kila mtu alinitazama. Mayo, mama wee! Sijawahi tena kutazamwa hivyo.

Baba akasimama, akavua kofia. "Mwacheni mtoto," akasema. "Leso ilinifikia Jumatatu. Nilikuwa na mtihani wa Kiingereza. Nilichagua mtihani."

Alisema hivyo tu, akaketi. Baba mdogo akacheka kicheko cha kutisha. "Kiingereza!" akasema. "Mama anakata roho, huyu anaandika Kiingereza!" Wazee walimtaka baba atoe mbuzi wa kuomba radhi, naye akatoa. Lakini mbuzi hakufuta kitu. Tangu siku hiyo Usenge nzima ilimwita Mzee wa Mtihani, mpaka watoto wadogo ambao hawakujua jina lilitoka wapi. Baba mdogo hakula naye sahani moja tena.

Nami nilijua alichonifanyia. Baba yangu amejipaka matope ili mimi nitoke safi. Nilitaka kumwambia asante, nilitaka kumwambia nisamehe, na kila nilipomkaribia nilimwona amenuna kwa namna ambayo haikuniachia mlango. Basi nikanyamaza. Mtu akinyamaza mwezi wa kwanza, wa pili unakuwa rahisi.

Matokeo yalipobandikwa, baba ndiye aliyekwenda kuangalia. Alirudi akaketi kitandani akavua viatu. "Wewe umepita," akasema. "Hongera. Mimi nimeanguka."

Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia kwenye mazishi. Nilikuwa nimemnyima mama yake, na hata kile nilichomnyimia hakukipata. Huko Usenge habari zilifika mbio, watu wakasema Mungu si mjinga. Baba aliwaacha waseme. Hakuniomba tena nimsomee maneno, wala hakunisemesha Kiingereza tena, hata neno la mchezo. Daftari sikuliona tena na sikuthubutu kuuliza. Nilikwenda chuo cha walimu, nikatoka na daraja la P1, juu yake ngazi mbili, nikapewa kazi Kisumu. Yeye alistaafu na P3 yake miaka ya tisini ilipoanza, akarudi Usenge.

Miaka michache baadaye nilihitaji cheti changu cha kidato cha nne kwa ajili ya kupandishwa cheo, na cheti chenyewe sikuwahi kukichukua shuleni, maana chuoni waliridhika na karatasi ya matokeo. Karani alinipeleka stoo, akafungua sanduku la mbao lililojaa vyeti vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Akatafuta, akatoa changu, kisha akasita. "Na huyu ni wenu?" akauliza. "Jina la ukoo moja, mwaka mmoja. Mtahiniwa wa nje. Chukua basi, panya watakimaliza."

Kilikuwa cha baba. Somo moja, Kiingereza, daraja la nne. Katika mtihani ule wa zamani namba ndogo ndiyo bora. Mimi nilikuwa na la tano.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Usenge. Ilikuwa miaka ile ambayo magugu maji yalikuwa yameziba ufuo wote, kijani tupu mpaka mbali, na mitumbwi imekaa nchi kavu bila kazi. Hata harufu ya omena ilikuwa imepungua. Nilimkuta baba nje ya nyumba, ameketi kwenye stuli ile ile ya Kondele, kaburi la dana likiwa hatua chache kutoka pale. Nikampa cheti. Alikishika mbali na macho ili aweze kusoma.

"Umekitoa wapi?"

"Shuleni. Kilikuwa ndani ya sanduku. Baba, ulipita."

"Najua. Niliona ubaoni." Akatabasamu kidogo. "Nilikushinda."

"Uliniambia umeanguka!"

"Nilikuambia."

Sikuweza tena. Miaka yote ile ilinitoka kwa mara moja, pale pale, mbele ya kaburi. Nikamwambia leso ilikuja Jumatatu mchana, nikaificha, nikakudanganya. Nikamwambia najua ulinisimamia mbele ya ukoo, ukabeba aibu yangu, na mimi sijawahi kukushukuru hata siku moja. Nilikuwa nalia kama mtoto mdogo, kamasi na kila kitu.

Baba alingoja nimalize. Alikikunja cheti mara mbili.

"Sikukusimamia," akasema. "Niliwaambia ukweli. Ulikuwa umeenda kuchota maji. Nikataka karai ninawe miguu. Nikaliinua, nikaona leso ya mama, na fundo lake. Nikarudisha karai vile vile. Nikatoa stuli nje, nikakungoja."

Nilifuta uso kwa kiganja.

"Halafu ukaruka ukurasa wa kumi na moja," akasema. "Lile daftari ni mimi niliyeliandika."

Hasira ilinipanda, na sioni haya kuisema. Miaka hiyo yote nimebeba peke yangu! Nimekosa usingizi, nimeogopa kuja nyumbani, nimekwepa macho ya mama mchuuzi sokoni, na yeye ananitazama tu? "Kwa nini hukuniuliza?" nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko inavyofaa mtu kumsemesha babake. "Ile jioni. Kwa nini hukuniuliza tu?"

Aligeuka akatazama yale magugu.

"Ningekuuliza," akasema, "ungenijibu."

Alinirudishia cheti, akaniambia nikipeleke kule kilikotoka, akaingia ndani. Alitoka na omena kidogo, iliyopatikana kwa shida siku hizo, imefungwa ndani ya leso ya rangi ya machungwa yenye pembe iliyoungua. Nilipoipokea hakuiachia mara moja.

"Irudishe na sukari," akasema. "Na siku nikiituma tupu, uje."

"Nitakuja, baba."

Kwa miaka mitatu leso ile ilikwenda na kurudi kati ya Usenge na Kondele, kwa mkono wa yule yule mama mchuuzi, sasa mzee. Kila ilipofika niliipapasa kwanza nikiwa bado mlangoni, moyo juu, kama kuna kitu ndani. Haikuja tupu hata mara moja. Mara ya mwisho ilikuja na omena imekauka vizuri, nikaweka sukari, majani na sabuni, nikaifunga, nikaiweka juu ya meza nikingoja mama mchuuzi arudi kuichukua. Alirudi siku ya tatu, mikono kichwani. Baba amefariki. Alikuwa amelala siku tano bila kula, akamkataza kila mtu asinitumie neno, na omena ile aliifunga mwenyewe akiwa kitandani.